Jino Huharibika Kabla Halijaonekana

MAFUNZO YA AFYA

Mkulima wa chai katika vilima vya Nyanchwa ajua vema kwamba mche uliopinda mzizi kitaluni haunyoshwi na mbolea ya shambani. Aweza kuupalilia na kuutilia samadi kila msimu, lakini kilema ulichokipata ulipokuwa mchanga utakaa nacho mpaka mwisho. Jambo hilo hilo huyapata meno ya binadamu. Jino lenye madoa ya kahawia, jino lisilokuwa na umbo lake, na hata pengo ambalo jino lake halikuota kamwe, mara nyingi si kazi ya uchafu wala ya uzembe wa mtoto wa shule. Ni kazi iliyofanyika miaka kadhaa nyuma, wakati jino lilipokuwa bado limefichwa ndani ya taya, wala hapakuwa na mtu wa kuliona.

Mzazi asiyejua jambo hili hupoteza fedha kwa kununua dawa za kusugulia, na humwadhibu mtoto asiye na kosa. Mzazi ajuaye huweza kumkinga mtoto wake mapema, na kama madhara yamekwisha kutokea, hujua ni msaada gani wa kutafuta na ni upi wa kuepuka.

JINSI JINO LINAVYOUMBWA

Binadamu hupewa meno mara mbili. Kwanza huja meno ya utotoni, 20 kwa jumla, na la kwanza huonekana mtoto afikapo miezi sita au karibu na hapo. Baadaye huja meno ya ukubwani, 32, yakiwa pamoja na magego ya mwisho ambayo huchelewa sana. Watu wengi hudhani kwamba jino huanza siku lile litokezapo ufizini. Sivyo. Meno ya utotoni huanza kuumbwa mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake. Meno ya mbele ya ukubwani, yale yaonekanayo mtu achekapo, huanza kuwekewa ganda lake gumu miezi michache tu baada ya kuzaliwa, na kazi hiyo humalizika mtoto akiwa na umri wa miaka minne au mitano. Kisha hungoja ndani ya taya, na kutokeza baina ya mwaka wa sita na wa nane.

Ganda hilo gumu huitwa enameli, nalo ndicho kitu kigumu kupita vyote mwilini. Hata mfupa haulifikii. Walakini lina udhaifu mmoja mkubwa. Chembe hai zinazolijenga hutoweka jino linapotokeza. Mfupa ukivunjika huunga, na ngozi ikikatika hupona, kwa sababu wajenzi wake wangali wapo. Enameli ikiharibika haina fundi wa kurudi kuijenga upya. Ndiyo sababu homa kali, utapiamlo, pigo juu ya taya, au kitu kibaya katika maji, vikimpata mtoto katika miaka ile ya kwanza, huandika alama isiyofutika. Alama hiyo husomwa miaka mingi baadaye, pengine wakati mzazi amekwisha kusahau kilichotokea.

MAJI YENYE FLORAIDI

Kati ya alama zote hizo, iliyo maarufu zaidi katika Kenya ni ile ya meno ya kahawia. Katika mwaka wa 1901, daktari wa meno kijana aitwaye Frederick McKay alifika katika mji wa Colorado Springs, Marekani, akashangaa kuona wenyeji wengi wana meno yenye madoa. Alitafuta sababu kwa muda wa miaka thelathini. Aligundua kwamba waliozaliwa mahali hapo ndio walioathirika, na wageni waliohamia wakiwa watu wazima walisalimika. Mwaka wa 1931 mkemia H. V. Churchill aliyapima maji ya mji mwingine wenye shida ile ile, akaikuta ndani yake floraidi nyingi. Hivyo fumbo likafumbuliwa.

Katika Kenya, M. M. Williamson aliandika habari za meno hayo katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki mwaka wa 1953. Miaka thelathini na mmoja baadaye, mwaka wa 1984, wataalamu Nair, Manji na Gitonga walitangaza matokeo ya kupima maji ya visima vya nchi hii zaidi ya elfu moja. Katika kila visima 100, 61 vilikuwa na floraidi iliyozidi miligramu moja kwa lita, na karibu 20 vilizidi miligramu tano. Kiasi ambacho Shirika la Afya la Dunia linashauri kisipitwe katika maji ya kunywa ni miligramu moja na nusu kwa lita.

Chanzo cha floraidi hiyo ni ardhi yenyewe. Bonde la Ufa liliumbwa kwa moto wa chini ya ardhi, na mawe yaliyotoka huko yana floraidi. Maji yapitayo katika mawe hayo huichukua kidogo kidogo. Katika maziwa yasiyokuwa na mto wa kutokea, kama Nakuru na Elmenteita, jua hukausha maji na kuiacha floraidi nyuma, hata imepita miligramu elfu moja kwa lita. Hapana anywaye maji ya maziwa hayo, lakini visima vilivyochimbwa katika nchi ile ya chini hupata fungu lake.

Nchi jirani ya Tanzania ina shida hiyo hiyo katika sehemu za Arusha, chini ya mlima Meru. Huko ndiko watoto walikotazamwa meno yao, na kutokana nao wataalamu wawili wa Denmark, Thylstrup na Fejerskov, wakatunga mwaka wa 1978 kipimo ambacho hutumika mpaka leo katika nchi nyingi. Kipimo hicho kina daraja kumi, kuanzia 0 mpaka 9. Daraja la 0 ni jino zima. Madaraja ya chini ni mistari myeupe myembamba ambayo huonekana vema jino likikaushwa. Katikati jino zima huwa jeupe kama chokaa. Madaraja ya juu ni jino lililomomonyoka ganda lake, likabaki na mashimo na rangi ya kahawia.

Hapa kuna neno la kuangaliwa sana. Jino liathiriwalo na floraidi halitokezi ufizini likiwa la kahawia. Hutokeza likiwa jeupe la chokaa, lenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kisha rangi ya chakula na chai huingia katika vitundu hivyo. Ndiyo maana mzazi huona jino likizidi kubadilika mwaka hata mwaka, akadhani mtoto hapigi mswaki. Mswaki hauna kosa lolote. Wala ugonjwa huu si wa kuambukizana, wala si laana ya ukoo. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja waweza kutofautiana kabisa, kwa kuwa mmoja alilelewa mahali pamoja na mwingine mahali pengine.

KARANI ANAPOHAMISHWA

Jambo hili lawagusa watu wa Nyanchwa kwa njia ambayo wengi hawaifikiri. Vijana wengi wanaosoma katika shule za mahali hapo hawabaki huko. Huajiriwa katika ofisi, mashamba na viwanda vya Nakuru, Naivasha na Gilgil, nao huenda na wake zao na watoto wao. Ikiwa karani anahamishwa na kwenda katika Bonde la Ufa mtoto wake akiwa na umri wa mwaka mmoja, akakaa huko miaka minne, kisha akarudi nyumbani, mtoto ataonekana hana dosari yoyote siku ya kurudi, kwa maana meno yake ya utotoni huathiriwa kidogo tu. Lakini miaka miwili au mitatu baadaye meno ya ukubwani yatatokeza, na jamaa watauliza mtoto huyu amelogwa na nani. Kama karani huyo angehamishwa mtoto akiwa na miaka kumi, meno yale yale yasingepata doa, kwa sababu ganda lake lilikuwa limekwisha kumalizika.

Kwa hiyo mwenye watoto wachanga aendaye kukaa katika nchi ya namna hiyo hapana budi azingatie mambo machache.

Kwanza, aulize habari za maji. Ofisi za maji na za afya zina njia ya kuyapima, na kisima kimoja chaweza kuwa kizuri na cha jirani kikawa kibaya. Floraidi haina rangi, wala harufu, wala ladha. Ulimi haufai kuwa kipimo chake.

Pili, asidhani kwamba kuchemsha kutamsaidia. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo, na ni desturi njema. Lakini floraidi haipandi na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki ile ile katika maji machache, na hivyo huzidi nguvu.

Tatu, mama amnyonyeshe mtoto. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yaliyo nayo nyingi. Mtoto apewaye maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya kisima hunywa floraidi yote ya kisima kile.

Nne, atege maji ya mvua kwa bati safi na pipa lenye kifuniko. Maji ya mvua hayajapita katika mawe, basi floraidi yake ni kidogo. Yakiwa hayatoshi kwa nyumba yote, yawekwe kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto walio chini ya miaka minane, na maji ya kisima yatumike kwa kufua na kuoga.

Tano, ajihadhari na magadi. Wapishi wengine huyatia magadi katika mboga ngumu ili zilainike upesi. Magadi yachotwayo katika maziwa ya Bonde la Ufa huwa na floraidi, na mtoto aweza kuathirika kwa chungu cha mboga hata kama maji ya nyumbani ni mema. Chinsaga huweza kulainishwa kwa maziwa na kwa kupikwa polepole.

Ziko pia njia za kuyasafisha maji. Iliyojaribiwa sana katika Afrika Mashariki ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, kisha husagwa kuwa chembe, na maji hupitishwa humo. Chembe hizo huishika floraidi na kuyaacha maji yakiwa mazuri, mpaka siku ile nguvu zake zitakapokwisha, ndipo zibadilishwe. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto karibu na Arusha kimeifanyia kazi njia hiyo, na huko Nakuru idara ya maji ya Dayosisi Katoliki ilitengeneza vichujio vya aina hiyo kwa ajili ya nyumba na shule.

Wakaao milimani nao wasijione kuwa wako salama kabisa. Mwaka wa 1986, Manji, Baelum na Fejerskov walionyesha kwamba katika Kenya watoto wa nyanda za juu waliathirika zaidi kuliko wa nchi ya chini, ingawa floraidi ya maji yao ilikuwa karibu sawa. Kisii imeinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Kadhalika mti wa chai wenyewe huivuta floraidi kutoka udongoni na kuiweka katika majani, na majani mazee huwa nayo nyingi kuliko machanga. Mkulima achumaye majani mawili na chipukizi anachuma ile iliyo na kidogo zaidi, na mtu mzima hana haja ya kuogopa kikombe chake. Lakini mtoto wa mwaka mmoja au miwili hana faida yoyote katika chai. Maziwa na uji wa wimbi vyamtosha.

Msomaji mwangalifu atauliza: ikiwa floraidi ni mbaya, kwa nini hutiwa katika dawa ya meno? Jibu ni kwamba kitu hicho ni kama chumvi. Kidogo chafaa, kingi chadhuru. Floraidi kidogo iguswapo na jino lililokwisha kutokeza hulitia nguvu ya kupigana na uozo, na tangu mwaka wa 1945 mji wa Grand Rapids, Marekani, uliiongeza kwa makusudi katika maji yake yaliyopungukiwa nayo, na meno mabovu yakapungua. Basi dawa ya meno itumike, ila kwa kiasi. Mtoto chini ya miaka mitatu atiliwe kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka mitatu mpaka sita, kiasi cha punje ndogo ya njegere. Na afundishwe kutema, asimeze.

MENO YA PLASTIKI

Madhara ya floraidi huja kwa maji, bila mtu kukusudia. Yako madhara mengine ambayo huja kwa mkono wa mtu, na hayo ni mabaya zaidi kwa kuwa huua.

Mtoto wa miezi minne mpaka minane anapopatwa na homa na kuhara, wako watu wamtazamao kinywani na kuona uvimbe mweupe katika ufizi, mahali pa chonge. Husema kwamba hayo ni meno ya plastiki, au meno ya nailoni, nayo ndiyo yanayomuua mtoto. Katika Uganda huitwa ebiino. Kisha huyachimbua kwa kisu, kwa msumari, au kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, na kumwonyesha mama kitu laini cheupe kama funza. Mama huamini, kwa sababu amekiona kwa macho yake.

Kile alichokiona si funza wala plastiki. Ni jino halisi la mtoto wake, chonge ya utotoni, ambayo bado haijawekewa ganda gumu. Kila mtoto mzima wa umri huo ana uvimbe huo. Kuhara kwake kumetoka katika maji machafu, au chakula kisichofunikwa, au malaria, na kuling'oa jino hakugusi hata kimoja cha vyanzo hivyo. Wakati damu inapotoka ufizini, maji yanazidi kumtoka mwilini. Watoto wengine hufa kwa kupungukiwa na damu, wengine kwa sumu ya kidonda iliyoingia katika damu, wengine kwa pepopunda. Na chombo kimoja kikitumika kwa watoto wengi huweza kuwapa ugonjwa wa UKIMWI.

Anayepona hubaki na kilema. Mbegu ya chonge ya ukubwani imelala karibu sana na ile ya utotoni, na spoku haijui kuzitenganisha. Miaka kumi baadaye chonge ya ukubwani haioti, au huota ikiwa na umbo la ajabu, au meno ya jirani yake hupinda na kulizibia nafasi. Mtaalamu wa Denmark, J. J. Pindborg, aliandika juu ya meno yaliyolemaa kwa sababu hiyo katika Uganda mwaka wa 1969. Katika Kenya, Hassanali na wenzake walitoa habari mwaka wa 1995 za watoto wa Kimasai. Kati ya watoto 95 wa miezi sita mpaka miaka miwili waliotazamwa, 87 kwa kila 100 walikuwa wamekwisha kuchimbuliwa jino moja au zaidi.

Desturi hii isichanganywe na ile ya zamani ya majirani Waluo, waliokuwa waking'oa meno sita ya mbele ya taya la chini. Hiyo ilifanywa kwa kijana ambaye meno yake yalikuwa yamekwisha kuota, ikiwa alama ya kuingia utu uzima, nayo imeachwa na wengi. Kuchimbua ufizi wa mtoto mchanga si alama ya ukoo wowote. Ni kosa la kutambua ugonjwa.

Mtoto anayehara apewe maji yenye chumvi na sukari ya kipimo ipatikanayo katika kila zahanati, pamoja na vidonge vya zinki, aendelee kunyonya, na afikishwe hospitalini upesi. Bibi wa mtoto naye aelezwe kwa heshima, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani, na nia yake ni kumponya mjukuu wake.

KUTENGENEZA KILICHOHARIBIKA

Je, aliyekwisha kuharibikiwa hana tumaini? Analo. Utafiti wa meno katika miaka mia moja iliyopita umeleta njia nyingi, na yafaa kuzijua kwa mpangilio wake, kuanzia iliyo nyepesi.

Jino lenye tundu dogo la uozo huzibwa. Watu wengi huliacha mpaka liume usiku, kisha hutaka ling'olewe. Katika miaka ya themanini ya karne iliyopita, Jo Frencken alianzisha Tanzania njia ya kuziba meno bila umeme na bila mashine ya kutoboa. Uozo hukwanguliwa kwa vyombo vya mkono, na tundu hujazwa saruji maalumu ya meno ambayo yenyewe hutoa floraidi kidogo. Njia hiyo yaweza kutumika chini ya mti katika uwanja wa shule, nayo imeenea dunia nzima. Afrika Mashariki ilikuwa shule yake ya kwanza.

Jino la kahawia lililo katika daraja la chini huweza kusuguliwa na daktari kwa dawa yake na kurudishiwa weupe. Likiwa limezidi, hupakwa utomvu wenye rangi ya jino. Mwaka wa 1955, Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kwamba enameli ikiguswa kwa asidi kwa muda mfupi hukwaruzika, na utomvu hupata mahali pa kushika. Likiwa limemomonyoka sana, hupunguzwa na kuvikwa kofia iliyotengenezwa kwa kipimo. Kofia ni ghali, na jino lililokwisha kupunguzwa halirudi kuwa kama zamani. Kwa sababu hiyo madaktari hawapendi kumvika mtoto ambaye taya lake lingali likikua.

Pengo nalo hujazwa kwa meno ya bandia. George Washington, aliyekuwa rais wa kwanza wa Marekani, alitawala akiwa na meno ya bandia yaliyochongwa kwa pembe za wanyama na kuchanganywa na meno ya watu, nayo yalimtesa sana. Mkulima wa leo aweza kupata mazuri kuliko ya rais huyo. Daktari humtia mgonjwa kinywani udongo laini wa dawa, nao huganda na kushika alama ya meno na fizi. Alama hiyo hujazwa plasta, na kinywa cha mgonjwa huwa kimepatikana juu ya meza. Fundi hupanga meno juu ya nta, mgonjwa huyajaribu, kisha nta huondolewa na mahali pake huwekwa akriliki, aina ya plastiki ngumu yenye rangi ya ufizi, iliyoanza kutumika katika kazi hiyo miaka ya thelathini ya karne iliyopita. Ziko pia njia za daraja, ambapo jino la bandia hushikwa na majirani yake, na za kupandikiza skurubu ya madini ya titani katika mfupa wa taya. Mtu wa kwanza kupandikizwa ya namna hii alitibiwa na Per-Ingvar Brånemark katika Uswidi mwaka wa 1965. Hiyo ndiyo ghali kupita zote.

Mwenye meno ya bandia ayatoe wakati wa kulala, ayasugue kwa brashi na sabuni, na kuyaweka katika maji baridi. Asiyachemshe, maana yatapinda. Yakivunjika asiyaunge kwa gundi ya dukani, bali ayarudishe kwa fundi. Kipande kidogo chaweza kumezwa usingizini au kuziba koo. Na meno machache yaliyosalia yatunzwe kuliko mwanzo, kwa kuwa ndiyo yanayoyashika yale ya bandia.

WA KUAMINIWA NA WASIOAMINIWA

Palipo na haja hapakosi walaghai. Wako wapitao masokoni wakibandika vifuniko vya meno kwa gundi kwa bei rahisi. Chini ya kifuniko hicho chakula hujikusanya, jino huoza kimya kimya, na mwenyewe hupata habari wakati limekwisha kufa. Wako pia watu wajisuguao meno kwa mchanga au kwa tindikali ya betri ili madoa yatoke. Huondoa doa pamoja na ganda lenyewe, na jino lililokuwa na doa tu huwa sasa na doa na maumivu.

Daktari wa meno katika Kenya hapana budi awe ameandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na mgonjwa ana haki ya kuuliza. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwafundisha madaktari wa meno mwaka wa 1974, na wako pia maafisa wa afya ya kinywa na mafundi wa meno ya bandia waliofundishwa kazi hiyo. Mtu wa Nyanchwa hana safari ndefu; hospitali kuu ya Kisii iko mjini, chini ya kilima.

Imebaki habari ya mtoto ambaye meno yake yamekwisha kuwa ya kahawia, naye bado ni mdogo mno kwa kutengenezewa. Katika uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka wa 2015, zaidi ya watoto 40 katika kila 100 waliotazamwa walionekana na alama za floraidi, nyingi zao zikiwa ndogo. Basi hayuko peke yake. Mtoto huyo hujifunza upesi kuziba mdomo kwa mkono anapocheka, na darasani hanyoshi mkono ingawa jibu analijua. Hapo mwalimu na mzazi wana kazi ambayo haihitaji daktari. Waeleze mbele ya wenzake kwamba ni maji aliyokunywa akiwa mchanga, wala si uchafu wake. Doa la jino litangoja mpaka taya likomae. Aibu haifai kungojewa hata siku moja.

Na mwenye mtoto anyonyaye sasa hivi, ambaye kinywa chake bado kitupu, asiseme kwamba habari za meno bado ziko mbali. Meno ambayo mtoto huyo atakuwa nayo siku ya arusi yake yanaumbwa mwaka huu. Maji anayopewa leo ndiyo yatakayoonekana siku hiyo.